Chambo cha Baridi Hakitaki Mawese

Mwanangu Furaha,

Mimi ni mzima, na wewe ni mzima, maana nimekusikia sasa hivi ukibamiza mlango wa gari la baba yako kama kawaida yako. Basi salamu tumemaliza. Mmeenda Roseville kutafuta soksi nene, na najua mtarudi na viatu, na begi, na kila kitu isipokuwa soksi. Kwa hiyo nina muda. Sufuria iko jikoni, maji yanachemka, na meza nzima imejaa unga.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Najua utasoma polepole, midomo ikicheza, kama unavyosoma ukipewa zamu kanisani. Ni vizuri, ndivyo ninavyotaka. Nikikuambia kwa mdomo utanijibu "Okay, Mama, I know," halafu tutaanza kubishana kuhusu kofia. Habari za kofia, na kupiga simu, na kutokula vya kwenye makopo, zote nimemwachia baba yako. Atakuhubiria njia nzima mpaka chuoni kwako Duluth. Mimi nina jambo moja tu, na nitalifikia kwa kuzunguka, unanijua.

Jambo lenyewe ni hili. Baba yako alishakuwekea mikono kichwani siku ya Noeli, mbele ya watu wote, akakuombea safari na masomo. Kwetu mtoto haondoki kwenda kukaa mbali bila mikono ya wazazi wote wawili. Mimi yangu sijaweka. Wewe hujauliza, mimi sijasema, na wiki zote hizi tunapishana kwenye korido yetu hii nyembamba ya Hopkins kama wapangaji wawili. Kesho asubuhi unaondoka. Nimeanza kukanda chambo ili mikono ipate la kufanya.

Ni chambo cha baridi, cha Mzee Sharubu. Jina hilo ulimpa wewe, ingawa hukumbuki. Ulikuwa na miaka mitatu, tumefika Minnesota majira yale yale ya joto, na mimi nilikuwa nakusukuma kwenye kigari kando ya mto kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mzungu mmoja akavuta samaki mkubwa kama mtoto wa miezi sita, akamtoa ndoano, akamtupa kwenye nyasi, akaendelea na mambo yake. Nikasimama nikingoja amrudie. Hakumrudia. Wenyeji wanamwita carp na wanamdharau, wanasema anakula matope, lakini mimi sikujua. Nimetoka kwa watu wanaogombania samaki wa urefu wa kidole. Nikamchukua, nikamlaza kwenye kikapu cha chini ya kigari, wewe juu na samaki chini, tukapanda basi. Watu walisogea wote nyuma. Wewe uliinama ukaziona zile sharubu zake mdomoni, ukasema, "Mzee."

Jioni baba yako alikaa naye mezani kwa muda mrefu sana. Mwisho akatoa mwiba kwenye meno akasema, "Mama Furaha, hii samaki iko muzuri. Ila inataka mutu asiye na kazi kesho."

Sikuwahi kukueleza vizuri kwa nini ilinichukua muda kushika fimbo ya kuvulia. Kwetu ziwani, upande wa Fizi, mwanamke haingii mtumbwini akavua, na haruki wavu uliotandazwa. Ukiuruka kwa bahati mbaya, na usiku ule wanaume wakarudi na mitumbwi mitupu, ni wewe. Kazi yetu ilikuwa kupokea ndakala, wale dagaa wetu, asubuhi, kuwaanika, na kuwauza. Kaka yangu alikuwa akivua kwa ndoano ufukweni, na chambo chake kilikuwa ugali uliokandwa na mawese. Mkandaji nilikuwa mimi. Nilipanga vidonge vyekundu juu ya jani, yeye akachukua, akaenda majini, na mimi nikabaki nikimtazama. Baadaye tukakimbia, tukakaa kambini Nyarugusu miaka mingi, na huko hakuna ziwa wala chambo. Kwa hiyo nilipofika hapa nikaona wanawake wamekaa mtoni na fimbo zao, wamevaa kaptula, wanakunywa soda, nilijiambia: huku hakuna mtu anayejua kwamba mimi sitakiwi kuvua. Nikanunua fimbo. Baba yako aliniangalia, akaangalia fimbo, akaenda kulala.

Ya majira ya joto unayakumbuka. Nataka kukukumbusha ule mwaka wa kwanza wa kuvua wakati wa baridi, kwa sababu ndio unaonisumbua leo.

Ulikuwa umeanza darasa la tisa. Tulisikia kwamba pale mtoni, kwenye mtambo wa umeme, maji yanatoka na uvuguvugu na hayagandi hata Januari, na samaki wanakusanyika pale kama watu kwenye jiko. Nikajiandaa kama anayeandaa harusi. Nilisaga ndakala, nikachanganya na unga wa mahindi, mayai na vitunguu saumu, halafu nikamwaga mawese mpaka mikono ikawa myekundu hadi kwenye viwiko. Nikafinyanga madonge makubwa kama mayai ya kuku. Akili yangu ilikuwa hivi: baridi ni kali, kila kiumbe kina njaa, na mwenye njaa mpe kingi. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya chakula hawezi kufikiri vingine.

Tukakaa Jumamosi nzima. Vipete vya fimbo viliganda, ukawa unavipaka mafuta ya kujipaka ili mshipi upite. Hatukupata kitu. Jumamosi iliyofuata nikaongeza mawese. Hatukupata kitu. Nikaongeza tena. Ndivyo nilivyo mimi, jambo likinishinda naongeza mawese. Baba yako alisema samaki wote wameokoka, wamekwenda kanisani.

Halafu asubuhi moja nikafungua friji nikakuta glasi mbili za maji na ndani ya kila moja kuna donge la chambo. Nilitaka kukugombeza kwa kuchezea chakula. Ukanivuta mkono.

"Mama, angalia. Hii yako ya mawese. Ni kama candle."

Nikaangalia. Kweli, mafuta yalikuwa yameganda kuzunguka donge, magumu, na maji yake yalikuwa safi kama yalivyotoka bombani. Hakuna kilichotoka. Samaki angeweza kupita karibu yake mchana kutwa asijue kwamba humo ndani kuna chakula.

"Na hii ingine?"

"Hii sikuweka mawese. Niliweka sukari na chumvi. See, maji inakuwa chafu. Inatoa smell."

Nilinusa glasi ile. Ilinuka ndakala. Nikakaa kwenye kiti na taulo langu begani. Maisha yangu yote niliamini kwamba mawese hayaharibu kitu, na mtoto wa miaka kumi na minne amenionyesha kwa glasi mbili za maji kwamba kwenye baridi yanafunga mlango. Kaka yangu hakukosea, na mimi sikukosea. Ziwa letu lina joto. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kinachofaa kule kitafaa hapa ukikizidisha.

Na ukaniambia jambo la pili, kwamba ulisoma, kwamba samaki kwenye baridi anakula kidogo sana, tumbo lake linakwenda polepole, ukimpa donge kama yai anaogopa. Tukakanda upya, vidonge vya kiasi cha njegere, tukavichemsha. Ndivyo vile ambavyo baba yako alivikuta vimepoa kwenye sahani aliporudi kutoka kazini Woodbury, akavila na chai akidhani ni mikate midogo. Alimaliza sahani. Alisema, "Iko na chumvi kidogo, ila naona umeongeza protini." Mpaka leo anakataa kwamba alijua ni chambo, na mimi mpaka leo nakataa kwamba nilimwona nikanyamaza.

Jumamosi ile tulikaa na kidonge kimoja kidogo kwenye ndoano. Mimi nilikuwa namimina chai. Ukasema, "Mama, imegusa."

Nikasema ni upepo.

"Hapana. Imegusa."

Nilikuwa nimezoea samaki wa kiangazi, anayeondoka na fimbo yako na heshima yako. Huyu wa baridi havuti. Ncha ya fimbo inatikisika kidogo tu, mara moja, halafu inatulia, na usipokuwa makini unasema ni upepo. Wewe hukunisubiri. Ulishika fimbo, na alikuwepo, mzito, mpole. Hukupiga kelele. Ulivua glavu, ukaweka kiganja chini ya tumbo lake kwenye maji yale, ukamshikilia mpaka akajikusanya akaenda. Vidole vyako vilikuwa vyekundu. Njia nzima ya kurudi uliniuliza kama samaki anajua baridi itakwisha lini, kama wale wakubwa wanarudi mahali pale pale kila mwaka, kama sisi tukila wa mto ule inaleta ugonjwa. Mimi nikajibu, "Uliza mwalimu wako." Ningekuwa na akili, ningejua siku ile.

Sasa tufike mwezi wa sita mwaka jana. Umemaliza shule, tuko kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tunakula, na Mama Rebeka, mkubwa wetu wa wamama, anauliza mbele ya meza nzima, "Furaha ataenda kusoma nini?" Wewe ulikuwa nyuma yangu na sahani ya sambusa. Ulikuwa umeshaniambia mara tatu kwamba unataka kusomea samaki na maji. Nami nikajibu, bila hata kumeza, "Unesi."

Wamama wakafurahi. Wakanipa mkono. Wewe ukaweka sambusa mezani, moja moja, vizuri. Kwenye gari ulisema tu, "It's fine, Mama." Nikajiambia ni upepo.

Niliogopa, mwanangu. Nakuambia wazi. Nesi hakosi kazi, nesi ana bima, nesi anaheshimiwa na wakwe. Lakini chini ya hapo kuna kingine. Mama yangu, bibi yako usiyemjua, alinuka samaki maisha yake yote. Harufu ile iliingia kwenye vitenge vyake, kwenye nywele zake, hata kwenye pesa alizonipa za kalamu. Shuleni watoto walikuwa wakiziba pua nikipita, na mimi nikajifanya sijui wanamzungumzia nani. Siku moja alikuja kunichukua mvua ikinyesha, nami nikatembea mbele yake ili tusionekane pamoja. Niliapa mtoto wangu hatanuka samaki. Halafu, kwa akili zangu hizi, nikakuchukua mtoni kila Jumamosi kwa karibu miaka kumi na tano.

Na ona nilivyokuwa. Mimi niliyeambiwa mwanamke havui, nikavua, nikakugeukia wewe kukuambia msichana hasomei samaki. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nilikukunja ukiwa mbichi, ukakunjika vizuri kabisa kuelekea mtoni, halafu nikashangaa kwamba umeelekea mtoni.

Tangu mwezi ule wa sita nimekuwa naongeza mawese. Nilikuletea vitabu vya unesi. Nilimwalika yule binti wa Mtanzania anayefanya kazi hospitalini aje ale chakula, ili akupe moyo, na kumbe nyinyi wawili mkakaa mkiongea habari za ziwa Victoria mpaka wali ukapoa. Nilipika vyakula vyako vyote. Kila ulivyonyamaza nikaongeza. Nikawa nakuzungushia mapenzi mazito hivi, na wewe umo humo ndani, na hakuna kinachotoka.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, ulipokuwa kazini, nilimfuata Mama Rebeka kanisani, kwenye birika la chai. Sikungoja watu wapungue. Nikamwambia nilisema vibaya mwaka jana, Furaha haendi kusoma unesi, anaenda kusoma samaki.

Akaweka kikombe chini. "Samaki inasomewaka?"

"Inasomewaka."

"Iko na siri gani?"

Wamama wakacheka, nami nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto. Nikawaeleza habari za glasi mbili. Niliwaeleza yote, candle na sukari na chumvi, mpaka jinsi baba yako alivyokula sahani nzima. Walipomaliza kujifuta machozi, Mama Rebeka akauliza swali la maana kuliko yote niliyoyasikia. "Basi atatuambiaka hizi za mto tunaweza kula ngapi? Ile bango pale mtoni, sisi hatuielewake. Watoto yetu wanakula."

Nikamwambia, "Ndiyo kazi yenyewe anaenda kusoma."

Nikaisikia sauti yangu. Furaha, nilikuwa najivuna. Nilitembea mpaka kituo cha basi bila kufunga koti.

Sikukuambia siku ile kwa sababu mdomo wangu ni mwepesi kwa mambo yasiyo na maana na mzito kwa haya. Ndiyo maana nimeandika.

Vidonge sasa vinaelea, vimeiva. Navitoa na kijiko cha matundu na kuvitandaza juu ya kitambaa. Vyako vitakuwa kwenye mfuko wa bluu, nitavigandisha usiku huu, na kesho usivisahau kwenye friza kama ulivyosahau chakula cha safari ya shule. Sijui kama kule kwenye ziwa lile kubwa la Duluth Mzee Sharubu yupo, au kama maji yake ni ya baridi mno hata kwake. Utanieleza wewe. Nimejaribu kitu: nimetia pilipili kidogo na unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta. Huenda ni ujinga. Jaribu kwenye glasi kwanza, halafu unipigie simu uniambie kama maji yamechafuka. Nitapenda kuulizwa na kujibiwa mambo ya namna hiyo, zaidi ya "Umekula?" "Nimekula."

Chupa ya mawese nimekuwekea pia, imefungwa ndani ya soksi za zamani za baba yako, maana zile mpya sina imani nazo. Hiyo ni ya kula. Siku ukijisikia huna mtu, pika maharage, tia kijiko, mwite yeyote aliye jirani. Kwenye sufuria ya moto mawese hayajawahi kunidanganya.

Na mimi nitaendelea. Jumamosi nitakwenda pale kwenye mtambo na chai yangu na kiti kimoja. Baba yako amesema atakuja kunisindikiza, lakini atakaa ndani ya gari. Nimemwambia akikaa ndani ya gari simpi mikate. Nitaitazama ile ncha ya fimbo. Siku hizi ikitikisika hata kidogo, sisemi tena ni upepo.

Gari limeingia. Nasikia baba yako anacheka, na wewe unambishia. Nitaweka karatasi hizi juu ya mto wako na nitajifanya nimelala, usije kunigongea. Sema na mimi asubuhi.

Kesho, kabla hujavaa kofia, simama hapo mlangoni. Umenipita kimo tangu mwaka juzi, kwa hiyo inama. Nitakuwekea mikono yote miwili na nitakuombea kwa sauti, kwa samaki wako na maji yako, nikiyataja kwa majina. Najua umesukwa jana na nywele bado ni mpya. Nimenawa kwa limau, nimenawa kwa sabuni ya vyombo, na mikono bado inanuka ndakala na vitunguu saumu. Itakubidi uvumilie. Usizioshe nywele mpaka ufike, na wenzako wakiuliza hiyo harufu ni ya nini, waambie ni ya mama yako, na ya bibi yako.

Mimi mama yako.